Mpwa kamaliza darasa la saba: maandalizi, korosho au unyago?

Dada yangu alinipigia simu Jumapili jioni kutoka Chuno, Mtwara mjini. Salamu zilikuwa fupi, nikajua kuna jambo.

"Kaka, mpwa wako kamaliza mtihani. Baba yake anataka kumpeleka maandalizi ya kidato cha kwanza, bweni. Mama huko Newala anasema mtoto apande juu akaokote korosho, na Desemba achezwe unyago. Mimi kichwa kinauma. Wewe ndiye mjomba, sema."

Kwetu kusini mjomba hakwepi swali hilo. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua ukoo tunauhesabu kwa mama, kwa hiyo mtoto wa dada yako ni wako tangu anazaliwa. Shemeji yangu ni Mnyakyusa na jambo hili lilimkera miaka ya mwanzo. Siku hizi hucheka tu na kuuliza, "Haya, mjomba kasemaje?"

Niliomba siku mbili, nikachukua wiki. Haya ndiyo niliyoyapima. Nayaandika kwa sababu kila Septemba mazungumzo haya yanarudi katika nyumba nyingi za Mtwara na Lindi, na mara nyingi anayeshinda ni yule mwenye sauti kubwa au mwenye pesa mkononi siku hiyo.

Mtihani wa darasa la saba hufanyika mapema Septemba, na sekondari hufunguliwa Januari. Hapo katikati pana miezi minne hivi. Mtoto hana kengele wala sare, na hajui kapangiwa shule gani mpaka majina yatoke, mara nyingi Desemba. Ana miaka 13 au 14, umri ambao anaanza kujiuliza yeye ni nani. Kwa mdomo hakuulizi. Anauliza kwa kununa, kwa kukaa mbele ya kioo muda mrefu, kwa kubadili sahihi yake mara tatu kwa mwezi. Nafasi ya namna hii haitamrudia upesi. Akimaliza kidato cha nne atapata nyingine, ila wakati huo atakuwa ameshajiamulia mengi bila kutuuliza.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kwa miaka kadhaa nimeshika malezi na unasihi shuleni. Semina tunazopelekwa nyingi hunitoka kichwani njiani wakati wa kurudi, lakini kuna kitu kimoja kilinibakia: dirisha la Johari. Wanasaikolojia wawili Wamarekani, Joseph Luft na Harrington Ingham, walilibuni mwaka 1955, na jina wakaliunga kutokana na majina yao ya kwanza, Joe na Harry. Wanasema mtu ni kama dirisha la vioo vinne. Kuna unachokijua kuhusu wewe na wenzako nao wanakijua. Kuna ambacho wenzako wanakiona kwako na wewe hukioni. Kuna unachokijua wewe peke yako na unakificha. Na kuna ambacho hakuna anayekijua, wewe wala wao, mpaka siku jambo litokee likifichue.

Nikaona nitumie hilo kama mizani. Shemeji anapima kwa masomo, mama anapima kwa heshima na kazi, na wote wawili wana haki. Mimi nikataka kujua kila njia itamfungulia mtoto kioo kipi.

Maandalizi: nilimpeleka mpwa wa kwanza

Mabango yako kila mahali kuanzia Agosti, kwenye nguzo za umeme, stendi, hata kwenye mlango wa duka la dawa: "Pre-Form One, bweni na kutwa, walimu mahiri." Wanaoyacheka hawajawahi kukaa darasani kwangu Januari. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Asubuhi moja anaingia darasa ambalo hesabu, jiografia na baiolojia zote zinafundishwa kwa Kiingereza. Nimeona watoto waliokuwa wa kwanza shuleni kwao wakikaa kimya wiki sita. Ukimya huo si wa ujinga. Hawana maneno. Ubaya ni kwamba mtoto mwenyewe hajui tofauti hiyo. Anaanza kujiona mjinga, na akishajiona hivyo kumrudisha ni kazi.

Kwa hiyo maandalizi yana kazi ya kweli. Mkubwa wa wapwa zangu alikwenda bweni mkoa wa jirani mwaka 2021, Oktoba mpaka Desemba. Januari aliingia kidato cha kwanza kifua mbele. Alijua kuomba ruhusa kwa Kiingereza, alijua istilahi za sayansi, muhula wa kwanza alishika nafasi ya tatu. Sisi tukafurahi.

Alipofika kidato cha pili tulikaa naye barazani nikamuuliza, "Mpwa, katika haya yote unayosoma, lipi ukilifanya husikii njaa?" Akafikiri kidogo. "Sijui mjomba. Nasubiri matokeo."

Jibu lile limenikaa mpaka leo. Si kosa la bweni lile peke yake, lakini nikikumbuka ratiba aliyonionyesha, kuamka saa kumi na moja alfajiri, vipindi mpaka saa kumi jioni, kujisomea mpaka saa nne usiku, sioni dakika ambayo mtu alimuuliza chochote kisicho na jibu kwenye kitabu. Kioo pekee kilichofunguliwa ni kile cha kwanza, ambacho yeye anakijua na sisi tunakijua: maksi.

Na kuna jambo wazazi hatulipimi. Mtoto wa miaka 13 anapelekwa kulala mahali ambapo hatujui nani analala mlango wa pili. Vituo vingine ni shule zenye usajili na matroni, vingine ni nyumba ya kupanga yenye vitanda vya juu kwa juu. Kabla ya kulipa, nenda ukaone choo, ukaone jiko, uulize nani anabaki usiku. Wakikwambia mkuu hayupo urudi kesho, usirudi.

Korosho kwa bibi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu watu wa mjini wanadhani kumpeleka mtoto shamba ni kukosa la kumfanyia.

Msimu wetu unaangukia papo hapo kwenye likizo ile. Korosho huanza kudondoka kuanzia Septemba, zinashamiri Oktoba na Novemba. Mama yangu ana mikorosho michache Newala, mzee wangu aliiacha. Kazi za mtoto zinajulikana: kusafisha chini ya mti kabla, kuokota asubuhi, kutenganisha korosho na bibo, tunda lake, kuanika, kuchambua mbovu na nzima, kushona gunia, kusindikiza mzigo kwenye ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika, ukapimwe. Maji Newala ni shida tangu zamani, tuko juu ya uwanda na Ruvuma iko chini kule, kwa hiyo ndoo nayo imo katika ratiba.

Mpwa wa pili alikwenda huko mwaka 2024. Wa pili huyu ni wa maneno, mcheshi, kila mtu anampenda, na shule ilikuwa inasema "anaweza, ila hatulii". Mwaka ule bei ilikuwa nzuri. Mnada wa kwanza wa Oktoba kilo moja ya korosho ghafi ilivuka shilingi 4,000. Bei ikiwa hivyo na kangomba nao wanaamka. Asiyejua kangomba ni nani: ni mnunuzi wa kichochoroni, anakufuata nyumbani kabla ya mnada, anapima kwa bakuli badala ya mizani, analipa taslimu na analipa kidogo. Ni kosa kisheria na kila mtu anajua, na kila mwaka wapo.

Kijana akamuuzia mabakuli mawili. Alitaka pesa ya kuchangia jezi, wenzake walikuwa wanaunda timu. Akapata shilingi 4,500. Bibi yake alijua siku ya tatu, maana bibi huyu anajua hesabu ya korosho zake kama anavyojua vidole vyake.

Nilikuwepo jioni ile. Nilitegemea fimbo. Mama akamwita tu, "Njoo, njomba," akamuuliza aliuza kilo ngapi. Hakujua. Akampa bakuli la kiasi kile kile, akamwambia ajaze mara mbili, kisha tukaazima mizani ya jirani. Ikaja kilo tatu na kidogo. "Makato ya chama weka pembeni. Kilo moja mnadani shilingi ngapi?" Akapiga hesabu kwa kijiti mchangani. Akaifuta, akapiga tena. Hakuna aliyeongeza neno, tukala ugali.

Usiku, tukiwa tumekaa kwenye mkeka, aliniambia bila kuulizwa: "Mjomba, si kwamba nilitaka jezi. Niliogopa wangesema mimi wa mjini bahili." Mtoto wa miaka 13 kutofautisha alichokifanya na kilichomsukuma kukifanya! Nimefanya unasihi na watu wazima wenye vyeo ambao hawajafika hapo. Kioo cha tatu kilifunguka, kile anachokijua yeye peke yake, na kilifunguka kwa sababu palikuwa na giza, mkeka, na watu wasio na haraka.

Mwalimu Nyerere alilisema hili Machi 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake moja ni kwamba Waafrika kabla ya ukoloni hawakuwa na majengo ya shule lakini hawakukosa elimu. Watoto walijifunza kwa kuishi na kutenda pamoja na wakubwa. Nyingine ni kwamba shule tulizorithi zinamwandaa mtoto kwa hatua inayofuata tu, msingi kwa ajili ya sekondari, na wanaobaki njiani wanajiona wameshindwa. Shule nyingi zikageuza hoja ile kuwa shamba la mwalimu mkuu na jembe likawa adhabu. Mimi mwenyewe nimelima sana kwa kuchelewa namba. Ndiyo maana nasisitiza: kinachofundisha ni bibi anayeuliza "kilo ngapi?". Jembe peke yake halifundishi kitu.

Halafu kuna faida ambayo hata shemeji aliikubali. Katika mtaala mpya ulioanza Januari 2024, kidato cha kwanza wana somo la biashara, na shule zenye mkondo wa amali, yaani wa ufundi, zinamtaka mtoto achague fani mapema. Huyu wa pili alipofika kwenye faida na hasara alikuwa ameshalipa ada ya somo hilo kwa kangomba. Kiingereza kilimsumbua mpaka Juni, sitaficha.

Sasa upande wa pili wa gunia. Msimu wa korosho ni msimu wa pesa, na pia ni msimu wa mabibo. Mabibo yakivunda yanakuwa uraka, na uraka hauulizi umri. Ngoma zinakesha, pikipiki mpya zinaonekana, mabinti wanafuatwa na watu wazima wenye noti. Kama nyumbani kwa bibi kuna mjomba mlevi, usimpeleke mtoto huko kwa jina la maadili. Na kama hakuna ndugu, mtoto anapelekwa kuokota kwa tajiri kwa ujira, hiyo ni ajira. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi. Kumsaidia bibi yake ni jambo moja, kubebeshwa magunia ya mwenye ghala ni jingine.

Jando na unyago

Hapa ndipo simu ya dada ilipokuwa imekwama. Mama anataka mtoto achezwe, shemeji hataki kusikia, dada mwenyewe alichezwa akiwa na miaka 11 na hajui amtetee nani.

Nianze na langu, maana la mabinti si langu kulieleza. Mimi nilikwenda kumbini, kambi ya jando, nikiwa na miaka 10, miaka ile tulikaa porini wiki kadhaa. Nakumbuka baridi, nyimbo, njaa ya makusudi, na woga wa ngariba. Nakumbuka pia usiku mmoja wazee walikaa kwa mduara, sisi wali, yaani tuliokuwa tunafundishwa, katikati, kila mmoja akaambiwa wanachokiona kwake. Mmoja aliambiwa ana mkono mwepesi kwa vitu vya watu. Mwingine akaambiwa ana huruma, asiionee haya. Ilipofika zamu yangu kungwi wangu akasema, "Huyu anapenda kusifiwa. Akikosa wa kumsifu ataacha kazi nusu." Nilichukia. Nina miaka zaidi ya 50 sasa, na kila ninapoacha kazi nusu namsikia yule mzee.

Hicho ni kioo cha pili, kile wenzako wanachokiona na wewe hukioni. Sijaona shule, kanisa wala semina inayokifungua kwa nguvu kama jando lilivyokifungua. Mtoto wa leo anasifiwa na mama, anapigwa na mwalimu, na katikati hakuna mtu mzima asiye mzazi wake anayemtazama kwa makini wiki nzima kisha akamwambia ukweli wake.

Lakini usiku ule ule mwenzetu mmoja aliuliza swali. Aliuliza tu kwa nini. Alichapwa, na sote tukajifunza kwamba kumbini huulizi. Jando linakuambia wewe ni nani, halikuulizi. Hapo ndipo lilipoishia kwangu kama elimu ya kujitambua, na sioni haya kulisema ingawa ni letu.

Kuna mambo mawili ya kupima kabla hujakubali au kukataa. La wavulana ni kisu. Kutahiriwa hospitali kumeenea sasa, na jando linaweza kufanyika kwa mafundisho peke yake, bila ngariba wa wembe mmoja kwa watoto kumi. Anayekwambia bila damu porini si jando, muulize kama yuko tayari kusimamia mtoto akivuja damu saa nane usiku. Tena wazo la kulibeba jando huku ukibadili yaliyo ndani yake si geni hapa kwetu. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi, aliyeshika dayosisi ile tangu 1926 hadi 1944, hakulipiga marufuku kama wamisionari wengi walivyofanya. Aliliweka chini ya kanisa, likawa jando la Wakristo. Wapo waliomlaumu kwamba kachanganya, wapo waliomlaumu kwamba kaharibu. Wajukuu wa wote wawili wako Masasi mpaka leo.

La mabinti ni umri. Unyago wa zamani ulimngoja mtoto avunje ungo. Siku hizi, kwa kuwa ngoma inafungwa kwenye likizo ya Juni au Desemba na familia inataka kumaliza gharama kwa mkupuo mmoja, mdogo anaunganishwa na dada yake. Nimeona mwali wa miaka 7 amebebwa mabegani kanga tatu mwilini, anasinzia, ametoka kufundishwa mambo ya chumbani ambayo hana pa kuyaweka. Huyo hajafunguliwa kioo chochote. Wengine wakitoka wanadhani wameshakuwa wanawake, na wapo wanaume wanaongoja wadhani hivyo. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, lakini kifungo hakimrudishii mtoto darasa lake. Niongeze, kwa wasio wa huku: unyago wetu hauna ukeketaji. Watu wa mikoa mingine hutuchanganyia habari.

Na gharama. Mchele, kanga, ngoma, siku hizi na muziki wa spika, watu wa kulishwa siku mbili. Nimeshuhudia pesa yote ya korosho ikiishia uwanjani Desemba, na Januari mtoto yule yule aliyetunzwa noti kichwani anakuja shuleni bila viatu. Kidato cha kwanza mpaka cha nne hakuna ada tangu 2016, ila sare, madaftari na godoro la bweni vinanunuliwa na mzazi. Tunalijua hilo, na bado tunashindana kwa spika.

Chuo, kanisa na mafundi

Haya nayapitia upesi, si kwa dharau, bali kwa sababu hayashindani na yale mengine. Chuo cha Kurani kinakwenda sambamba na lolote. Mtoto wa Mikindani au Kilwa ameshakuwa nacho tangu miaka mitano. Nitasema moja tu: kinachomkuza mtoto wa umri huu chuoni ni pale mwalimu anapompa wadogo awasomeshe juzuu la kwanza. Siku ya kwanza anafoka kama mwalimu wake. Siku ya kumi anagundua kuwa anafoka. Mwombe mwalimu ampe nafasi hiyo. Mafundisho ya kipaimara yana nafasi kama hiyo kwa Wakristo, kama katekista anaruhusu maswali.

Skauti ni wazuri sana pale ambapo kiongozi yuko hai. Pale ambapo hayupo ni gwaride la Mwenge na skafu iliyochujuka.

Gereji na cherehani zinamfaa mtoto ambaye mikono yake haitulii. Nilimpeleka mtoto wa jirani yangu mmoja kwa fundi baiskeli miezi miwili, akarudi ameacha kuuma kucha. Sina maelezo zaidi.

Kwa hiyo nani aende wapi

Nilimpigia dada Jumamosi, shemeji akiwa pembeni, spika imewashwa. Nikasema hivi.

Kama mtoto Kiingereza kinamtisha kiasi cha kumnyima usingizi, maandalizi yaje kwanza, lakini ya kutwa, alale nyumbani, wiki nne au tano za mwisho zinatosha kumpa maneno ya kuanzia. Miezi mitatu ya bweni inamfaa yule ambaye nyumbani hakuna mtu, au nyumbani pana hatari kuliko bweni. Si kila nyumba ni salama, nami kwa kazi yangu nayajua hayo kuliko ninavyotaka.

Kama mtoto ni mwepesi wa masomo na mzito wa watu, au kama huyu wetu wa pili, mwepesi wa watu na hajijui, apande kwa bibi Oktoba na Novemba. Sharti awepo mtu mzima wa kukaa naye jioni. Kama jioni bibi anachoka na kulala saa moja, na mjomba yuko kilabuni, mtoto ataokota korosho tu, na korosho zinaweza kuokotwa na yeyote.

Jando, kwa mvulana aliyekwisha kutahiriwa hospitali, wiki moja ya mafundisho na wazee unaowajua kwa majina, nakubali kwa mikono miwili. Nimemwambia mama nitakwenda mwenyewe kwa wapwa wanaofuata, na mtoto akiuliza kwa nini nitajibu mimi.

Kuhusu unyago wa binti huyu nilimwambia dada, "Hilo ni lako na somo, kungwi wake, utakayemchagua. Mimi nasema mawili ya mjomba: ameshatimiza umri au bado, unajua wewe. Na achezwe ndani, na makungwi wawili wenye akili, bila uwanja, bila spika. Pesa ya spika iende kwenye godoro."

"Na mama?" akauliza. "Mama atasema tumemwonea haya mwali wake."

"Mama niachie."

Shemeji akaingilia. "Sawa mjomba, lakini hesabu? Huko Newala hesabu atafanya na nani?"

Nikamweleza habari ya mizani na kijiti, maana alikuwa hajawahi kuisikia, mwanawe hakumsimulia. Kimya kikapita. Kisha akasema, taratibu, "Alikuwa anaogopa kuitwa bahili?" Nikasema ndiyo. "Hajawahi kuniambia kitu kama hicho." Nikanyamaza, kwa sababu la kusema lilikuwepo na halikuwa langu.

Dada ndiye aliyetukumbusha. "Jamani, tangu Jumapili ile tunazungumza sisi watatu na bibi. Mwenyewe hatujamuuliza." Kweli. Mimi na dirisha langu la Johari, nimepima wiki nzima, na mtoto yuko chumba cha pili anasuka nywele. Nilicheka kwa aibu.

Akaitwa. Nikasikia ndala zikija, minong'ono, kisha sauti yake karibu na simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa. Umesikia tunayosema?"

"Nimesikia yote, ukuta wenyewe huu." Akanyamaza, nikamngoja. Nimejifunza kungoja. "Mjomba, kwa bibi nitakwenda. Ila sitaki kwenda peke yangu, nataka nije na daftari langu la Kiingereza, na wewe uje kila Jumamosi unisikilize nikisoma. Usinisahihishe mpaka nimalize ukurasa."

"Haya."

"Na la Desemba nitazungumza na mama, si na nyie."

"Haya, mpwa."

"Mjomba, kwani siku hizi maji kwa bibi yanachotwa wapi? Bado kule kule mbali?"

Nikamwambia kumechimbwa kisima karibu na shule, ila foleni yake inaanza saa kumi na moja alfajiri, na ndoo yake aje nayo, ya bibi imetoboka.